Corolla 110 yako, mikono yako: mwongozo kamili wa kuitunza na kuirekebisha nyumbani

Wakuu, huu ni kwa wale wenye Corolla 110, ile iliyoanza kutoka Japani 1995 ikaenda mpaka 2000. Naiongelea hasa yenye injini ya 5A-FE, cc 1498, maana ndo ninayoijua na ndo iliyojaa mtaani. Angalia kibati cha chasis chini ya boneti, kikisoma AE110 jua ni hiyo. Ukikuta EE111 hiyo ni ya 1300 yenye injini ya 4E, mengi yatafanana ila sio yote. Na kama una Spacio ya zamani au Carina yenye injini za ukoo huohuo wa 4A na 5A basi utajiona humu ndani.

Kabla hatujaanza nisemee kitu kimoja kinachowatoa watu hela sana. Gari inamisi, yaani silinda moja au zaidi haichomi vizuri na injini inatetemeka, fundi anasema plagi, unanunua plagi. Bado inamisi, anasema pampu ya mafuta, unanunua pampu, inafika zamu ya distributa (ile inayogawa moto wa umeme kwa kila plagi), af mwisho wa siku tatizo lilikuwa waya mmoja wa plagi. Spea zote zile hurudishiwi hela. Kwaiyo kanuni ya huu mwongozo wote ni kwamba unapima kwanza, unabadilisha kitu kimoja, unaiendesha, unaona, ndo unaenda kingine. Ukibadilisha vitu vitatu kwa mpigo hata ikipona hujui kilichoiponya.

VIFAA

Sio lazima boksi la mafundi. Spana na soketi namba 10, 12, 14 zinafanya karibu kila kitu kwenye Toyota hii, ongeza 17 na 21 ya nati za tairi. Soketi ya plagi namba 16 yenye mpira ndani. Bisibisi mbili, praizi, mita ya umeme ya kidijitali hata ile ya bei ya chini, tochi ya kichwani, brashi ya waya na glavu. Jeki iwe ya uhakika na stendi mbili za chuma. Hapa sina utani, usiingie chini ya gari iliyoshikwa na jeki peke yake, hata kama ni dakika moja, hata kama jirani yako hufanya hivyo kila siku. Tofali pia hapana, tofali linapasuka bila taarifa. Weka stendi, zuia matairi ya nyuma kwa mawe au magogo, itikise gari kwa mkono, ikitulia ndo ingia.

MAJI YA REJETA, HAPA TUTAKAA SANA

Injini hizi zinavumilia mambo mengi ila kuchemsha hazivumilii. Silinda hedi, kile kichwa cha juu cha injini, ni ya aluminiamu, ikichemka sana inapinda, gasketi iliyo chini yake inaungua, na hapo tunaongea habari ya kushusha hedi na kuipeleka kwa tana, fundi wa kuchonga chuma. Kwa foleni za Ubungo saa kumi na moja jioni, jua bado kali na AC inafanya kazi, mfumo wa kupoza ndo unaishika gari yako roho.

Anza asubuhi gari ikiwa ya baridi kabisa. Mfuniko wa rejeta usifunguliwe injini ikiwa ya moto, maji ya ndani yako kwenye presha na yanaweza kuwa yamevuka nyuzi 100 bila kuchemka, ukifungua yanachemka palepale na kukurukia usoni. Ya baridi fungua, uangalie ndani. Maji yakiwa ya kijani au mekundu safi, vizuri. Yakiwa na rangi ya chai ya rangi ni kutu, mtu alikuwa anaweka maji ya bomba miaka na miaka. Yakiwa na utelezi wa mafuta juu, hiyo ni habari nyingine, ntaigusa chini.

Angalia na mfuniko wenyewe. Mpira wake ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu, au springi imelegea, hauwezi kushika presha, maji yatachemka mapema na kumwagikia kwenye tanki dogo la pembeni. Kuna watu wamebadilisha rejeta nzima kumbe shida ni mfuniko. Kununua mpya soma namba iliyoandikwa juu, 0.9 ununue 0.9, usichukue wa presha kubwa zaidi ukidhani unaongeza usalama, utapasua hosi.

Kusafisha maji ya kutu fanya hivi:

1. Gari ya baridi, weka beseni chini, fungua kile kikoki cha plastiki chini ya rejeta taratibu maana kimezeeka na kinakatika. Fungua na mfuniko wa juu ili maji yashuke.
2. Funga, jaza maji safi, weka hita ya ndani kwenye joto kali kabisa. Najua hita Dar hakuna anayeitumia, ila kule ndani kuna rejeta ndogo na yenyewe imejaa uchafu uleule.
3. Washa injini mpaka feni iwake yenyewe, zima, subiri ipoe kabisa, mwaga. Ukiwa na haraka hapa ndo utaungua.
4. Rudia mpaka yatoke meupe. Kama gari ilinyimwa kulanti (ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta) muda mrefu utarudia sana, usikate tamaa.
5. Mwisho weka kulanti nusu na maji ya betri yasiyo na asidi, yale yaliyochujwa, nusu. Mfumo unachukua kati ya lita 5 na 6, ila kuna yatakayokuwa yamebaki kwenye bloku, kwaiyo usishangae yakiingia pungufu.
6. Toa hewa. Paki pua ya gari ikiwa imeinuka kidogo, mfuniko wazi, hita kwenye joto, washa. Vipovu vitatoka, maji yatashuka, ongeza. Hosi ya juu na ya chini zote zikishapata moto na vipovu vikaisha, funga. Kesho yake asubuhi kagua tena, lazima yatakuwa yameshuka kidogo.

Sasa feni. Toyota za umri huu zina kaujanja kazuri cha kupimia. Swichi ya joto inayoiendesha feni inakuwa imefunga umeme gari ikiwa ya baridi, ikipata moto inaachia na feni inawaka. Maana yake ukichomoa soketi ya swichi hiyo huku ufunguo uko ON, feni inatakiwa iwake hapohapo. Vidole na nguo zikae mbali na mapanga. Ikiwaka, basi mota, rilei na fyuzi ni wazima, na kama kwenye foleni ilikuwa haiwaki mtuhumiwa wako ni swichi. Isipowaka, angalia fyuzi, af ilishe mota moja kwa moja kutoka kwenye betri kwa waya mbili. Hapo pia ikigoma, mota imekufa. Dakika tano umeshajua cha kununua.

Thamostati nayo, ile valvu inayofungulia maji kwenda rejeta yakishapata moto. Kibongobongo gari ikichemsha mara moja tu kitu cha kwanza fundi anakitoa na kukitupa ni thamostati, "huku kwetu joto haina kazi". Ina kazi. Bila thamostati injini haifiki joto lake, kompyuta inadhani gari bado ya baridi na inaendelea kumwaga petroli nyingi, wewe unalalamika gari inakula mafuta. Kupima ichomoe, itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni (sufuria ya zamani, msigombane na mama watoto), pasha moto. Inatakiwa ianze kufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu, kabla maji hayajachemka. Ikibaki imefunga mpaka maji yanatokota, itupe ununue nyingine, usiache tundu wazi. Kurudisha, kale kavalvu kadogo kanakocheza pembeni kakae juu ili hewa ipite.

Na jambo la mwisho la maji: kwenye 5A pampu ya maji inazungushwa na mkanda uleule wa altaneta, sio taimingi belti. Kwaiyo ukiwa barabarani taa ya betri ikawaka ghafla na mshale wa joto ukaanza kupanda, mkanda umekatika, paki hapohapo. Usijiambie unasogea mpaka sheli ya mbele.

Dalili za gasketi ya hedi iliyoungua ni hizi: vipovu visivyoisha kwenye rejeta injini ikiwaka, hosi ya juu inakuwa ngumu kama jiwe dakika moja baada ya kuwasha gari ya baridi, moshi mweupe usioisha wenye harufu ya utamutamu, uji wa rangi ya maziwa kwenye oili, au ule utelezi wa mafuta kwenye maji ya rejeta niliousema juu. Ukiona mojawapo ni kazi ya fundi, acha kuendesha.

GARI INAMISI AU INATETEMEKA KWENYE SAILENSI

Washa gari, iache kwenye sailensi, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta. Nenda kwenye nozeli, zile zinazopuliza petroli, ziko nne upande wa manifoldi ya kuingiza hewa, chomoa soketi ya moja uisikilize injini. Mlio ukibadilika, ikazidi kutetemeka, silinda hiyo ilikuwa inafanya kazi. Rudisha, chomoa inayofuata. Ile ambayo ukiichomoa hakuna kinachobadilika ndo silinda mgonjwa. Mafundi wengi huchomoa waya wa plagi badala ya nozeli, na unapigwa shoti ya maana, alafu petroli isiyochomwa inaenda kuua masega (kile kichujio cha moshi) kwenye ekzosi. Nozeli ni salama zaidi.

Tuseme ni namba 2. Zima gari. Toa waya wa plagi namba 2, mulika tochi shimoni. Kwenye injini hizi mara nyingi utakuta kisima kimejaa oili, mpaka plagi imezama. Hiyo inatokana na zile pete za mpira za mirija ya plagi chini ya tapeti kava (mfuniko wa juu wa injini), zinakuwa ngumu kwa moto na kupitisha oili. Oili inalainisha mpira wa waya, moto unatoroka, silinda inakufa. Dawa ni seti ya gasketi ya tapeti kava na hizo pete, kazi ya soketi ya 10 na uvumilivu, na usikaze nati zake kwa hasira. Kabla hujafungua plagi nyonya oili yote kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye bisibisi, la sivyo inaingia ndani ya silinda pamoja na mchanga.

Kisima kikiwa kikavu, badilishana waya mzima wa 2, ncha zote mbili, na waya wa silinda nyingine unaofika. Ugonjwa ukihama, waya. Usipohama, badilishana plagi. Ukihama, plagi. Ndo maana nasema kupima ni bure. Kuna na kipimo cha usiku, fungua boneti gizani, injini inawaka, nyunyizia ukungu wa maji kidogo juu ya waya kwa ile chupa ya kupuliza maua, usishike kitu. Ukiona cheche za bluu zinacheza huo waya umekwisha.

Plagi zenyewe zisome. Kahawia ya kufifia, safi. Nyeusi kavu kama masizi, petroli nyingi, angalia filta ya hewa na sensa ya joto la maji. Nyeusi yenye majimaji ya oili, injini inapitisha oili ndani. Nyeupe sana, inaungua kwa moto mkali au hewa inaingia pasipotakiwa. Kufunga, ingiza kwa vidole kwanza mpaka mwisho, ikigoma toa uanze upya, hedi ni aluminiamu na nyuzi zake zikiharibika utalia. Ikifika mwisho kwa vidole ongeza nusu mzunguko kwa plagi mpya, ya zamani inataka kidogo tu. Waya ziandike namba kabla ya kuchomoa. Ukisahau, mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, na silinda namba 1 ni ile ya upande wa mikanda.

Fungua pia kofia ya distributa, angalia vile vichwa vya ndani kama vimeliwa au vina ungauunga mweupe, na rota ikague.

Silinda zote nne ziko sawa ila sailensi inapanda na kushuka? Mara nyingi ni uchafu kwenye throto bodi (mlango wa hewa ya injini) na valvu yake ya sailensi, au hosi ya vakyumu imepasuka. Chukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja sikioni, nyingine pitisha karibu na kila hosi, utasikia mfyonzo wa "fsss". Throto bodi isafishe kwa dawa yake ya kupuliza, injini imezimwa, mpaka kingo za kipepeo ziwe safi. Ukishawasha itamisi kidogo na kutoa moshi, inaisha.

TAA YA CHECK ENGINE BILA MASHINE

Nyingi kati ya hizi zina kiboksi cha plastiki ndani ya boneti kilichoandikwa DIAGNOSIS. Fungua kifuniko, ndani yake kuna ramani. Unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya au klipu ya karatasi, uwe na uhakika wa matundu kabla hujachomeka. Weka ufunguo ON bila kuwasha injini, hesabu taa inavyokonyeza. Ikikonyeza harakaharaka bila kusimama, hakuna kosa lililohifadhiwa. Ikikonyeza mara mbili, ikatulia, mara mbili tena, hiyo ni 22, sensa ya joto la maji. 21 ni oksijeni sensa, 31 ni sensa ya presha ya manifoldi, 41 ni sensa ya throto. Namba hiyo, yaani kodi ya kosa, haikwambii ukanunue sensa, inakwambia uanzie wapi. Nyingi ni soketi imelegea au waya umetafunwa na panya. Kufuta, chomoa terminali hasi ya betri kwa muda af rudisha, uone kama kodi inarudi.

OILI

Hii kila mtu anaijua kwaiyo fupi. Injini ivuguvugu, nati ya sampu (bakuli la oili chini ya injini) namba 14, badilisha ile pete yake, filta mpya ipake oili kwenye mpira na uikaze kwa mkono tu, ikigusa ongeza robo tatu ya mzunguko. Inachukua lita 3 hivi, kwaiyo galoni ya lita 4 haiishi yote, watu wanamwaga yote wanajaza kupita kiasi. Pima kwa dipstiki sehemu tambarare. 10W-30 inafaa, kama imeanza kula oili 10W-40. Mimi namwaga kila kilomita 5,000, foleni zetu zinahesabika kama kazi ngumu. Oili chafu usimwage mtaroni.

Gia ya otomatiki, aina ya mafuta mara nyingi imeandikwa kwenye dipstiki yake yenyewe, fuata hiyo, na ipimwe ya moto, injini inawaka, gia P baada ya kupitisha gia zote.

BETRI NA UMEME

Asubuhi kabla ya kuwasha pima betri kwa mita. Volti 12.6 imejaa, 12.2 iko nusu. Washa injini, isome 13.8 mpaka 14.5. Chini ya 13 altaneta haichaji au mkanda unateleza. Juu ya 15 regyuleta imekufa na itachemsha betri.

Gari haiwaki na betri ni nzima? Mita kwenye DC, mguso mmoja terminali hasi ya betri, mwingine chuma cha injini, mwambie mtu apige stata. Ikisoma zaidi ya nusu volti waya wa ethi umeoza, usafishe kabla hujashusha stata. Ule unga wa kijani na mweupe kwenye terminali osha kwa maji ya moto na brashi. Kutoa anza hasi, kurudisha maliza na hasi.

BREKI

Kubadilisha pedi za mbele unaweza, ila kwa utulivu. Legeza nati za tairi gari ikiwa chini, inua, weka stendi, toa tairi. Bolti ya chini ya kalipa (kile chuma chenye pistoni kinachobana pedi) ni 12 au 14, itoe, geuza kalipa juu. Ukilazimika kuitoa yote ining'inize kwa waya, isining'inie kwa hosi yake. Toa pedi, angalia unene, zikibaki milimita 3 sio za kusubiri tena. Pini za kalipa zivute, zifute, zipake grisi ya silikoni ya breki, sio grisi ya beringi, ile inavimbisha mpira. Pini zikiganda ndo unakuta pedi moja imeisha na mwenzake mpya. Rudisha pistoni ndani taratibu kwa klampu huku ukiangalia kikopo cha mafuta ya breki kisifurike, yanakula rangi. Weka pedi mpya, funga, fanya upande wa pili.

Alafu, kabla hujasogeza gari hata hatua moja, pampu pedali mpaka iwe ngumu. Usipofanya hivyo pedali ya kwanza itazama mpaka chini na ukuta wa jirani ndo utakusimamisha. Mafuta ni DOT 3, yabadilishwe kila miaka 2 maana yanafyonza unyevu, na kwa hewa ya pwani usiongeze muda.

Kama breki imelegea hata baada ya pedi mpya, au pedali inazama polepole ukiwa umeikanyaga kwenye taa nyekundu za barabarani, hiyo ni masta silinda (pampu ya breki) au hewa kwenye mafuta yake, mpelekee fundi.

UNAPOENDA KWA FUNDI

Taimingi belti, mkanda wa ndani unaozungusha kemu ili valvu zifunguke kwa wakati, naiacha kwa fundi, ila wewe uwe na tarehe yake. Chini ya boneti au kwenye nguzo ya mlango kuna stika za Kijapani zenye kilomita ilipobadilishwa, muda wake ni kilomita 100,000. Hakuna stika na hujui historia, badilisha. Uzuri wa 5A ya kawaida ni kwamba belti ikikatika valvu hazigongani na pistoni, utakwama njiani tu. Mwambie akifungua abadilishe na sili za krenki na kemu pamoja na beringi ya tenshena, kazi ni ileile moja.

Kununua spea Gerezani pale Kariakoo, au Kirinyaga Road kwa wa Nairobi, nenda na ile ya zamani mkononi, zifananishe kaunta kabla ya kulipa, na uulize mapema kama isipofaa inarudishwa. Sili, pedi, filta na thamostati nunua mpya. Altaneta, stata na distributa mtumba wa Japani mara nyingi unadumu kuliko mpya za bei ya kutupa. Na kabla fundi hajaanza mpe ulichopima: silinda namba 2 haichomi, waya na plagi nimeshazungusha, kisima kikavu. Fundi mzuri atafurahi, ataenda moja kwa moja kwenye nozeli au kupima kompresheni (mgandamizo wa silinda). Akianza kukuorodheshea spea bila hata kufungua boneti, chukua ufunguo wako.